Kulipia Kila Mwezi au Kununua Mara Moja: Mwongozo wa Kuchagua Programu za Ofisi ya Nyumbani

Anayefanyia kazi nyumbani hubeba majukumu ambayo katika ofisi kubwa hugawanywa kwa idara tatu: ununuzi, uhasibu na teknolojia ya habari. Mtunza hesabu anayejitegemea, mfasiri, mshauri wa miradi au mwandishi wa ripoti ndiye anayechagua programu, ndiye anayeilipia, na ndiye anayewajibika kazi ya mteja inapochelewa. Uamuzi wa kulipia programu kila mwezi au kuinunua mara moja ni uamuzi wa kitaaluma. Unastahili kupigiwa hesabu kabla ya kadi ya benki kutolewa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: gharama ya programu hupimwa kwa muda ambao itatumika kihalali na kwa usalama, wala si kwa kiasi kinachotoka mfukoni siku ya kwanza. Mfano mkuu ni programu za ofisi za Microsoft, kwa kuwa nyaraka nyingi ambazo wateja, benki, mashirika na ofisi za umma za Afrika Mashariki hutumiana ni za Word na Excel. Kanuni zenyewe zinafaa vilevile kwa programu za uhasibu, za kuhariri picha na za kusimamia miradi.

Kinachonunuliwa ni ruhusa

Katika mifumo yote miwili, programu hubaki mali ya kampuni iliyoitengeneza. Mteja hupata leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti yaliyoandikwa. Mifumo hii hutofautiana katika muda wa ruhusa hiyo na upana wake.

Katika usajili, ruhusa hudumu kadiri malipo yanavyoendelea. Microsoft ilianza kuuza huduma ya namna hii mwaka 2011 kwa jina la Office 365, na tangu 2020 mipango yake mingi huitwa Microsoft 365. Mwenye usajili hupata toleo jipya kila linapotoka, na mipango inayotumiwa zaidi humpa pia hifadhi ya mtandaoni ya terabaiti 1 pamoja na haki ya kutumia akaunti moja kwenye vifaa kadhaa: kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato, kishikwambi na simu.

Katika ununuzi wa mara moja, leseni haina tarehe ya kwisha, lakini imefungwa kwenye kompyuta moja na toleo moja. Office 2024 iliingia sokoni tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeinunua hupata marekebisho ya usalama ya toleo hilo, ila vipengele vitakavyobuniwa baadaye havimhusu, na hifadhi ya terabaiti haimo katika bei. Kompyuta ikiharibika, leseni ya rejareja inaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine ya mmiliki yuleyule. Leseni iliyowekwa na kiwanda kwenye kompyuta mpya kwa kawaida haihamishiki. Jambo hilo ni la kuulizwa dukani kabla ya kulipa.

Leseni ya kudumu nayo ina umri

Wanunuzi wengi huamini kwamba kilicholipiwa mara moja kimelipiwa daima. Ni kweli kwamba programu itaendelea kufunguka. Lakini kila toleo lina tarehe ambayo mtengenezaji huacha kuziba mianya yake ya usalama. Kwa Office 2016 na Office 2019 tarehe hiyo ilikuwa 14 Oktoba 2025. Kwa Office 2021 ni 13 Oktoba 2026, na kwa Office 2024 ni 9 Oktoba 2029.

Baada ya tarehe hiyo, hatari haimwangukii mwenye programu peke yake. Anayepokea mikataba, mishahara na taarifa za benki za wateja hufungua kila siku viambatisho vinavyotoka kwa watu asiowafahamu vizuri, na kiambatisho ni mojawapo ya njia wanazozipenda wahalifu wa mtandaoni. Kuendelea kufanya kazi za watu kwa programu isiyolindwa tena ni uzembe wa kitaaluma, hata kama leseni yake ni halali.

Umri huonekana pia kwenye uwezo wa kushirikiana na wengine. Fomula ya XLOOKUP, inayotumika sana sasa katika lahajedwali za mishahara na bohari, haimo katika Excel 2016 wala Excel 2019. Mtunza hesabu mwenye mojawapo ya matoleo hayo akipokea faili la mteja na kulihesabu upya, seli humwonyesha kosa mahali pa jibu. Kwa anayeandika barua na ripoti peke yake, upungufu huo hauna uzito. Kwa anayepokezana mafaili na timu za kampuni kubwa, unaweza kugharimu siku nzima ya kazi.

Hesabu inavyopaswa kufanywa

Bei hubadilika, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia. Ni bei za Marekani za mwaka 2025, kabla ya kodi. Office Home & Business 2024, inayonunuliwa mara moja, iliuzwa dola 249.99. Microsoft 365 Business Standard, ambayo ni usajili wa kibiashara, iliuzwa dola 150 kwa mwaka kwa mtu mmoja anayelipa kwa mkupuo, sawa na dola 12.50 kwa mwezi.

Kugawanya 249.99 kwa 12.50 kunatoa miezi 20. Hapo ndipo gharama mbili zinapokutana. Kazi inayotarajiwa kudumu zaidi ya miezi 20 kwenye kompyuta moja huanza kunufaika na ununuzi wa mara moja. Kwa miaka mitano, usajili ungefika dola 750, yaani mara tatu ya bei ya kununua.

Hesabu hiyo ina mtego, nao ni kalenda. Tarehe ya mwisho wa msaada ni ileile kwa wanunuzi wote. Aliyenunua Oktoba 2024 alipata miaka mitano ya usalama, karibu dola 50 kwa mwaka. Atakayenunua toleo hilohilo Oktoba 2027 kwa bei ileile atapata miaka miwili, karibu dola 125 kwa mwaka, tena kwa kompyuta moja na bila hifadhi ya mtandaoni. Faida ya kununua mara moja hupungua kila mwezi unaopita tangu toleo litoke. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni miezi mingapi ya ulinzi imebaki, na bei igawanywe kwa miezi hiyo.

Kwa kazi fupi, hesabu hugeuka. Mshauri mwenye mkataba wa miezi sita anaweza kulipia mpango huohuo mwezi kwa mwezi kwa dola 15, bila kujifunga kwa mwaka. Jumla ni dola 90, na mkataba ukiisha malipo hukoma. Kununua leseni ya dola 250 kwa kazi ya namna hiyo ni kufungia fedha mahali zisipohitajika.

Thamani ya shilingi nayo iingie katika hesabu. Januari 2024, dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Usajili wa dola 150 ungegharimu shilingi 24,000 katika hali ya kwanza na 19,500 katika hali ya pili, huku huduma ikiwa ileile. Anayelipia usajili kwa dola hukutana na hatari hiyo kila mwaka, ilhali aliyenunua mara moja hukutana nayo siku moja tu. Mwenye kipato cha shilingi na mwenye kulipwa kwa dola hawapaswi kufikia uamuzi mmoja kwa kuangalia bei peke yake.

Kodi huongezwa pia. Huduma za kidijitali zinazonunuliwa kutoka nje hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 nchini Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara, hivyo dola 150 inaweza kuwa 177. Kwa upande wa kodi ya mapato, ada ya usajili kwa kawaida huingizwa kama matumizi ya mwaka husika, wakati programu iliyonunuliwa inaweza kuhesabiwa kama mali inayopunguzwa thamani mwaka hadi mwaka. Mhasibu aulizwe mapema, na ankara iandikwe kwa jina linalotumika kwenye namba ya mlipakodi.

Leseni ya familia na leseni ya kazi

Ofisi ya nyumbani huchanganya mambo mawili ambayo mikataba ya programu huyatenganisha. Mipango ya Microsoft 365 Personal na Family imekusudiwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Mpango wa Family unaweza kugawanywa kwa watu sita, na kwa bei yake huvutia sana. Lakini kuandaa ankara, zabuni au hesabu za wateja kwa akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya masomo ya watoto ni kukiuka masharti. Kwa kazi ya malipo, chaguo sahihi ni mpango wa biashara, au leseni ya mara moja ya Home & Business, ambayo inaruhusu wazi matumizi ya kibiashara na inajumuisha programu ya barua pepe ya Outlook.

Kwa mwajiriwa anayefanyia kazi nyumbani, kanuni ni kwamba vifaa vya kazi ni wajibu wa mwajiri, na programu ni kifaa cha kazi. Ombi la leseni lifanywe kwa maandishi, likieleza majukumu yanayoihitaji. Mwajiri akishaitoa, isitumike kwa vibarua vya pembeni. Nyaraka zilizomo kwenye akaunti hiyo huwa chini ya usimamizi wa mwajiri, na akaunti inaweza kufungwa siku ajira inapokoma. Wasifu wa kazi, vyeti na mambo ya familia vihifadhiwe kwenye akaunti binafsi tangu mwanzo.

Siku malipo yanapokoma

Kila anayejiunga na usajili ajue mapema kitakachotokea akishindwa kulipa. Usajili wa Microsoft 365 ukiisha, programu za kwenye kompyuta hubaki na uwezo wa kufungua na kuchapisha nyaraka, lakini huzuia kuhariri na kuunda mpya. Kwa akaunti binafsi, hifadhi ya mtandaoni, iitwayo OneDrive, hurudi kwenye gigabaiti 5 za bure. Mwenye mafaili yanayozidi kiasi hicho hawezi kuongeza mengine, na yakibaki hivyo kwa zaidi ya miezi sita, masharti yanairuhusu kampuni kuyafuta.

Malipo yenyewe yanaweza kukwama bila mtu kukusudia. Wengi hutumia kadi pepe zinazojazwa kutoka kwenye akaunti ya simu. Salio likiwa pungufu siku ya kuhuisha, huduma husimama, pengine usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ripoti. Tahadhari inayofaa ni kulipa kwa mwaka pale kipato kinaporuhusu, kuandika tarehe ya kuhuisha kwenye kalenda, na kuweka salio wiki moja kabla.

Mtandao wenyewe pia hauna dhamana. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilivuruga intaneti Tanzania, Kenya na nchi jirani. Aliyekuwa na nakala ya mafaili kwenye diski ya kompyuta aliendelea na kazi. Aliyeyaacha yote mtandaoni alisubiri. Zaidi ya hayo, programu za Microsoft 365 huhitaji kuunganishwa na intaneti takriban mara moja kwa mwezi ili kuthibitisha leseni, sharti linalopaswa kupimwa na watafiti na maofisa wa miradi wanaokaa muda mrefu vijijini.

Mahali faili linapokaa ni suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinaweka wajibu kwa anayetunza taarifa za watu, ukiwemo wajibu unaohusu taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Hifadhi ya mtandaoni mara nyingi iko kwenye seva za nchi nyingine. Mwenye kutunza majina, namba za vitambulisho au taarifa za afya za watu aamue mapema kipi kitapanda mtandaoni na kipi kitabaki kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri.

Masharti hubadilika

Usajili ni mkataba ambao upande mmoja unaweza kupendekeza bei mpya kila unapofika wakati wa kuhuisha. Januari 2025, Microsoft ilipandisha bei ya Microsoft 365 Personal nchini Marekani kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka, baada ya kuongeza huduma ya akili unde ya Copilot. Oktoba 2025, tume ya ushindani na ulinzi wa watumiaji ya Australia iliifungulia kampuni hiyo kesi. Ilidai kwamba wateja wapatao milioni 2.7 hawakuelezwa wazi kuwa mpango usio na Copilot, kwa bei ya zamani, ulikuwa bado unapatikana. Kwa mujibu wa madai hayo, mpango huo ulionekana tu kwa mteja aliyeanza hatua za kusitisha usajili.

Adobe nayo ilitangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa usajili, na Creative Suite 6 ikawa ya mwisho kuuzwa kwa leseni ya kudumu. Juni 2024, serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ikidai kwamba haikuwaonyesha wateja ipasavyo ada ya kuvunja mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mwezi.

Kutokana na hayo, kabla ya kujiunga na programu yoyote, mambo manne yasomwe kwenye masharti: urefu halisi wa mkataba, ada ya kuuvunja, namna ya kuzima uhuishaji wa moja kwa moja, na muda wa kutoa mafaili baada ya kusitisha. Barua pepe ya kupandisha bei isifutwe kabla ya kusomwa hadi mwisho. Mteja ana haki ya kuuliza kama kuna mpango mdogo zaidi, na ana haki ya kukataa nyongeza asiyoihitaji.

Chaguo la tatu, na njia isiyofaa

Wapo ambao hawahitaji kununua wala kujiunga. LibreOffice, inayosimamiwa na The Document Foundation, hupatikana bila malipo, huruhusu matumizi ya kibiashara, na huhifadhi nyaraka katika muundo wa ODF, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Programu huria si ngeni katika Kiswahili: mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Kwa barua, ankara, bajeti ndogo na ripoti za kawaida, programu hizi zinatosha. Upungufu huonekana kwenye lahajedwali zenye makro za Excel na kwenye nyaraka zenye mpangilio tata, ambao unaweza kuvurugika zinapofunguliwa upande wa pili. Jaribio zuri ni kuchukua mafaili halisi ya kazi iliyopita, kuyafungua, kuyahariri na kuyarudisha kwenye Word au Excel kabla ya kuahidi chochote kwa mteja.

Njia isiyofaa ni programu zilizovunjwa kufuli na namba za leseni zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Namba nyingi za aina hiyo zilitolewa kwa taasisi au viwanda na haziruhusiwi kuuzwa mojamoja, na zinaweza kuzimwa wakati wowote. Programu za kuvunja kufuli hubeba mara kwa mara virusi vya kuiba manenosiri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinailinda programu ya kompyuta kama kazi ya ubunifu. Mtaalamu anayetaka ankara yake iheshimiwe hana budi kuheshimu ankara ya mwenzake.

Utaratibu wa kuamua

Hatua zifuatazo zinaweza kukamilishwa kwa saa moja na karatasi moja.

1. Kuorodhesha kazi za miezi kumi na miwili iliyopita na programu zilizotumika kwa kila moja.
2. Kuandika idadi ya vifaa, na kama mafaili hushirikishwa na watu wengine kwa wakati mmoja.
3. Kukadiria muda wa kazi kwa mujibu wa mikataba iliyosainiwa, si matumaini.
4. Kugawanya bei ya kununua kwa miezi iliyobaki ya msaada wa usalama, na kulinganisha na ada ya usajili kwa mwezi, zote zikiwa na kodi.
5. Kuthibitisha kwamba leseni inaruhusu matumizi ya kibiashara.
6. Kuandika namna mafaili yatakavyopatikana huduma ikikoma.

Kwa kawaida majibu hugawanyika hivi. Mwenye kompyuta moja, kazi za kudumu na mafaili yasiyoshirikishwa hunufaika na ununuzi wa mara moja, mradi anunue toleo likiwa bado changa. Mwenye vifaa vingi, wateja wakubwa au mkataba mfupi hunufaika na usajili. Anayeanza kazi na ambaye kipato chake hakijatulia aanze na programu huria, kisha alipie nyingine pale mteja wa kwanza atakapoihitaji.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Stakabadhi, namba ya leseni, barua pepe iliyotumika kujisajili na tarehe za kuhuisha viwekwe kwenye faili moja, na nakala yake iwekwe nje ya kompyuta. Uamuzi upitiwe upya mwezi mmoja kabla ya usajili kuhuishwa, au mwaka mmoja kabla ya msaada wa usalama kukoma.

Kila chaguo humwachia aliyelichagua kazi moja ya kufanya kila mwezi. Mwenye usajili atoe nakala ya mafaili yake kwenye diski yake mwenyewe, ili siku akitaka kuondoka asizuiwe na chochote. Aliyenunua mara moja kwa dola 250, akiwa na miaka mitatu ya ulinzi mbele yake, atenge dola 7 kila mwezi, ili toleo linalofuata alilipie kwa akiba wala si kwa mkopo.